Nimwambie Nani?

Barua tatu za mwezi huu zote ni za gari zilizokwama na watu waliopita ubavuni mwake. Kwa msomaji anayeingia safu hii kwa mara ya kwanza: mimi niliendesha lori miaka 26 kati ya bandari ya Kilindini na Kampala, na sasa nina gereji ndogo hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Najibu yale niliyoyashika kwa mikono na kuyaona kwa macho.

*

*Assalam aleikum ami. Naishi Kisauni, kazi yangu iko Mtwapa. Ijumaa moja ya mwezi wa tano nilichelewa kutoka, na mvua ya masika ilikuwa inanyesha. Yapata saa tatu usiku, nimeshavuka daraja la Mtwapa naelekea Shanzu, nikamuona mwanamume kando ya barabara, boneti iko wazi, amembeba mtoto mdogo aliyefunikwa leso. Akanipungia mkono. Niliondoa mguu kwenye mafuta. Kisha nikaliangalia giza lile, na binti yangu wa miaka tisa amelala kiti cha nyuma, nikakanyaga nikapita. Usiku ule sikulala. Mume wangu asema nilifanya vyema, na tena nisithubutu hata kutazama, kwani majambazi huwatumia watoto. Mamangu asema msafiri ni mgeni wa Mungu, nami nimemuacha mgeni mlangoni. Tangu siku hiyo nikipita pale nageuza uso. Ami, nilikosea? Na nikimkuta mwengine nifanyeje? – Mama wa Kisauni*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Nianze na ile leso. Ulikuwa unapita usiku, ndani ya mvua, kioo kinapanguswa, na bado uliona kuwa kilichomfunika mtoto ni leso, si shuka wala koti. Asiyejali haoni leso. Naomba hilo uliweke moyoni kabla hatujaendelea, kwa sababu barua yako imejaa kujishitaki.

Kutosimama kwako sikulaumu. Mwanamke na mtoto wake, giza, mvua, kipande cha barabara kisicho na nyumba karibu: hata binti yangu ningemwambia apite. Lakini umeniuliza kama ulikosea, nami sitakuficha. Kosa ninaloliona ni kwamba ulifika nyumbani pasipo mtu yeyote kuambiwa. Kutoka pale hadi Kisauni umepita vituo vya mafuta vyenye taa na mlinzi. Umepita vijana wa bodaboda wa Bamburi waliojikinga mvua chini ya mabati. Ungeteremsha kioo kidogo ukamwambia mmoja wao, "Kuna baba na mtoto, gari limewafia upande wa Shanzu ukitoka darajani," ungekuwa umemsaidia yule mtu, na mlango wa gari lako haujafunguliwa.

Hili sikulisoma mahali. Lilinipata mimi mwenyewe, nami nikiwa upande wa anayepunga mkono.

Mwaka 1994, mwezi wa pili, nilikatikiwa na shafti baina ya Samburu na Taru, lori limejaa mchele. Anayeijua njia ile ajua inavyokuwa kaskazi ikikolea: vichaka vimekuwa kijivu, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, maji hakuna. Simu za mkononi wakati huo watu kama sisi hatukuwa nazo. Mimi na taniboi wangu, yaani msaidizi wangu wa lori, tulikata matawi tukayapanga barabarani, nyuma na mbele ya lori, kama ilivyo ada, tukakaa chini tukangoja. Magari yalipita mpaka nikaacha kuyahesabu. Mengine yalipiga honi kana kwamba tumefunga njia kwa kupenda.

Usiku, kama saa nne, lori moja linaloteremka Mombasa likapunguza mwendo. Halikusimama. Dereva aliteremsha kioo upana wa kiganja, nikawa nakwenda mbio ubavuni mwake. Hakuniuliza jina, wala natoka wapi. Alisema, "Nimwambie nani?" Nikamtajia yadi yetu ya Shimanzi, nikamtajia kilichokatika. Akapandisha kioo, akaenda zake.

Wallahi nilimlaani mtu yule. Nilimwambia taniboi, huyu ni dereva mwenzetu, ameona hali yetu, hata kikombe cha maji hakutupa. Tukalala chini ya lori tumenuna.

Kesho yake saa tano za asubuhi pikapu ya yadi ikatokea, ndani fundi na shafti. Fundi ndiye aliyetupa habari. Yule dereva aliingia Shimanzi kabla ya alfajiri akamgongea mlinzi. Mlinzi akamwambia acha ujumbe, nitaufikisha. Akakataa. Alikaa kwenye ngazi ya lori lake mpaka msimamizi akaja saa moja na nusu, akamwambia kwa mdomo wake, ndipo akaenda kushusha mzigo wake bandarini. Alipoteza foleni yake kwa ajili yetu. Kwa miaka mingi kila nikipanga foleni kwenye mizani ya Mariakani niliwauliza madereva kama wamjua. Sikumpata.

Basi mumeo yuko sawa kuogopa, na wala usimdharau kwa hilo, anawapenda. Ila pale anaposema usitazame, hapo tumeachana. Ukishajizoeza kutotazama, mwanangu, siku moja utampita mtu aliyelala kwenye damu ukadhani ni gunia.

Tazama, halafu fanya hivi. Mlango umefungwa, gari liko kwenye gia, punguza mwendo ukiwa umemuacha mtu nafasi ya kutosha asiufikie mlango. Kioo kidogo. Muulize, "Nimwambie nani?" Jibu lake litakufunza mengi. Mtu aliyeharibikiwa kweli ana jina mdomoni: ndugu yake, fundi wake, bosi wake, nambari anayoijua kwa moyo. Moyo wake uko kwa huyo mtu wa kumpigia. Anayetaka kukuibia haja yake ni wewe uteremke, au yeye apande. Ukimuuliza jina atalizunguka, atasema hebu shuka kwanza uone. Hapo pandisha kioo uende. Na kama hata kupunguza mwendo waogopa, usipunguze. Shika tu mahali na rangi ya gari, na ukifika penye taa na watu, useme.

Hilo la kushika mahali, watu wengi hulikosea. Mtu ataniambia, "Kuna gari limekufa njia ya Malindi." Njia ya Malindi ni zaidi ya kilomita 100! Sema umetoka darajani kiasi gani, upande wa baharini au wa bara, mbele ya mnazi gani, bango gani, msikiti gani. Ukiona ni hatari, piga 999 au 112, ni polisi. Kukiwa na mgonjwa au majeruhi, Msalaba Mwekundu wapokea kwa 1199. Ziweke nambari hizo kwenye simu usiku huu huu, na binti yako mfunze, ana miaka tisa, aweza kukupigia wewe ukiwa umeshika usukani.

Sasa niseme na yule baba wa leso, pengine naye husoma gazeti hili. Ndugu yangu, mtu aliyekwama ana kazi ya kufanya ili asaidike. Washa taa ya ndani ya gari, wapitao waone kuna nani na kuna nini. Kama una mke au mama ndani, yeye ndiye aseme. Usilikimbilie gari linalopunguza mwendo; kaa pale pale, inua mkono, acha lije kwa hofu yake. Shika unachohitaji mkononi: jerikeni tupu likiinuliwa kila dereva ajua ni maji au mafuta, tairi likilazwa kando ajua ni pancha. Pembetatu zako mbili za tahadhari ziweke mbali, si chini ya bampa. Nimeona watu wameziweka hatua tatu nyuma ya gari. Lori lililobeba kontena halisimami kwa hatua tatu. Na mtoto usimsimamishe baina ya gari lako na barabara. Mpeleke kando kabisa, upande wa majani, hata kama mvua inamnyea.

Umeuliza pia habari ya dhambi, au ndivyo nilivyokufahamu. Mimi si sheikh, hukumu hiyo kaulize kwa wenye elimu. Nijualo ni kwamba aya ya 60 ya Sura ya Tawba inapowataja watu wanane wanaostahiki zaka, wa mwisho ni ibn sabil, mwana wa njia. Njia imemzaa, hana mwengine kwa wakati ule. Mamako anazungumza kutoka hapo, na ni mahali pazuri pa kuzungumzia. Wenzangu Wakristo, na niliendesha nao miaka mingi, walikuwa wakinitajia yule Msamaria wa njia ya Yeriko, aliyemsaidia mtu aliyepigwa na wanyang'anyi. Mimi katika hadithi ile hupenda pale mwisho: alimfikisha majeruhi nyumba ya wageni, kesho yake akamkabidhi mwenye nyumba dinari mbili, akaendelea na safari yake. Hakumbeba mpaka kwake. Alihakikisha tu kwamba yuko mtu mwengine ajuaye.

Ukipita pale Shanzu, usigeuze uso tena. Yule baba na mtoto hawapo. Waliondoka usiku ule ule au asubuhi yake, gari halikuoza pale.

*

*Shikamoo mzee. Mimi nauza madafu kwenye foleni ya magari ya feri, upande wa Likoni. Juzi gari la familia moja kutoka bara lilichemka, mvuke watoka boneti nzima. Mwenzangu akateka ndoo ya maji baharini akataka kuyatia kwenye rediata. Nilimzuia tukashikana mashati. Yeye asema maji ni maji. Nani alikuwa na haki? – Muuza madafu, Likoni*

Marahaba. Wewe. Na nafurahi ulimshika shati.

Chumvi ya bahari hula chuma, na rediata za siku hizi ni za aluminiamu, nyembamba kama ganda la yai. Mtu angevuka, angeshukuru, na mwezi haungeisha kabla hajaanza kuona maji yakidondoka chini. Wala visima vyetu vingi hapa kisiwani si salama. Yaonje, utaisikia chumvi mwenyewe. Maji ya chupa au ya mvua ndiyo ya kutia. Kukiwa hakuna kabisa ila ya kisima, yatiwe, ila mwenye gari aambiwe siku hiyo hiyo apitie kwa fundi ayatoe na kusafisha.

Lakini kabla ya maji kuna kubwa zaidi, na hili ndilo nililolitaka kulisema. Kifuniko cha rediata hufungia mvuke ndani kwa nguvu, ndiyo sababu maji yale huwa yamepita joto la maji yanayochemka sufuriani. Ukikifungua gari likiwa moto, yanakurukia usoni yote. Nina kijana gerejini kwangu mwenye kovu kutoka sikioni hadi kifuani, na alikuwa akisaidia mtu, kama nyinyi. Kwa hiyo: zima injini, fungua boneti, ngojeni nusu saa nzima, msidanganyike kwa kuwa moshi umekwisha. Kisha kitambaa kinene mkononi, zungusha kifuniko robo tu, acha kipumue, ndipo umalizie. Maji yatiwe pole pole. Maji baridi ya ghafla kwenye injini yenye moto huipasua kichwa, na hapo mtakuwa mmemuua mgonjwa kwa dawa.

Foleni ikisogea kabla gari halijapoa, lisukumeni kando. Kwenye mteremko wa kuingilia feri mtu mmoja awe na jiwe mkononi, tayari kulitia kwenye tairi upande wa chini, na yeyote asisukume akiwa upande wa chini. Kama mwenye gari lazima asogee kidogo akiwa bado na joto, mwambie awashe hita ya ndani hadi mwisho, vioo wazi. Atatoka jasho mpaka viatuni, lakini hita huchota joto la injini.

Na mpe mama na watoto madafu wakae kivulini. Watu wa bara wakiona bahari mara ya kwanza na gari limewafia, huwa hawajui wacheke au walie. Hilo ni lako wewe, si la fundi.

*

*Mzee, mimi na wenzangu wanne wa Changamwe tulisukuma gari la mtu lililozimika kwenye maji ya mvua, tukalitoa. Akatupa shilingi 500. Mmoja wetu akakasirika, asema tumeuza wema, akarudisha yake mia. Je, ni haramu kupokea? Kijana wa Changamwe*

Si haramu, na wala mwenzenu si mjinga. Alivyotoa mwenyewe bila kuombwa, mlichopokea ni zawadi. Ninachokichukia mimi, na nimekiona mara nyingi mvua ikinyesha, ni wale wanaosukuma gari hadi katikati ya dimbwi kisha wakasimama, maji yako magotini mwa mwenye gari, wakaanza kutaja bei. Ule ni wizi, hata kama hakuna kisu.

Kanuni niliyowapa vijana wa gerejini ni nyepesi. Ukiwa fundi, kazi yako ni pancha na spana, taja bei kabla hujagusa nati ya kwanza, mwenye gari akubali au akatae. Ukiwa mpita njia, usitaje bei kabisa. Akitoa, pokea kidogo kwa heshima yake, maana mtu aliyesaidiwa pia hutaka kusimama sawa na wewe.

Hili la mwisho nilijifunza pale pale Taru. Niliandika juu kwamba yule dereva hakutupa maji. Maji tulipewa asubuhi, kabla pikapu haijafika, na mzee wa Kiduruma aliyekuwa akichunga mbuzi na mjukuu wake. Alikuja na kibuyu, akanywa kwanza yeye tuone, kisha akatupa. Maji yale yalikuwa yametoka mbali, nilijua kwa jinsi mjukuu alivyokiangalia kibuyu kikiinama. Lori lilipokuwa tayari nikampa noti. Akaikunja akanirudishia mfukoni mwa shati. Akaniuliza kama nina mpira wa ndani wa tairi uliokufa, maana akiukata vipande hupata kamba ya ndoo ya kisimani isiyooza. Nilikuwa nayo miwili nyuma ya kiti. Nikampa yote.

Baada ya hapo kila nilipofika kipande kile nilipiga honi mara mbili. Mara nyingi hakikutoka kitu ila mbuzi. Mara moja moja alijitokeza mjukuu kichakani, kila mwaka mrefu kidogo, akiinua ndoo nione kamba.